Homa baada ya mafunzo ya picha mbugani

Mama mmoja aliniletea kijana wake aliyemaliza kidato cha sita. Homa ilikuwa inakuja na kuondoka, wiki ya pili sasa. Alishapimwa malaria mara mbili katika kituo cha jirani na majibu yote yalionyesha hana. Mara ya kwanza akapewa dawa ya maumivu, mara ya pili antibayotiki.

Nikauliza kama amesafiri. Mama akawahi kujibu: "Hajasafiri, daktari. Alikwenda tu kwenye mafunzo ya kupiga picha Serengeti."

Huo "tu" ndio ulionifanya niandike leo.

Katika mafunzo hayo wapiga picha wazoefu hukaa porini siku kadhaa na wanaojifunza. Huwafundisha kutoka alfajiri, kushusha vioo, kuzima injini ili kamera isitikisike, kuilaza lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani, kisha kusubiri. Ni mafunzo mazuri na sina ugomvi nayo. Lakini gari lililosimama karibu na miti, vioo vikiwa chini, ni mwaliko kwa mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo.

Mbung'o huuma mchana, hata kupitia nguo nyepesi, na dawa za kupaka za kufukuza mbu hazimzuii sana. Huvutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kijana wetu alikuwa amevaa fulana ya bluu iliyokolea, aliyogawiwa na waandaaji wenyewe!

Si kila mbung'o ana vimelea vya malale, wengi hawana. Hata hivyo ugonjwa upo. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua baada ya kutembelea Serengeti na Tarangire. Aina ya malale tuliyo nayo Tanzania huenda haraka: homa na maumivu ya kichwa huanza ndani ya siku au wiki chache, pengine na kidonda kilichovimba pale alipoumwa, kisha vimelea huingia kwenye ubongo. Mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia mchana na kukosa usingizi usiku. Asipotibiwa hufa.

Kile kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta malaria peke yake. Damu ikiwekwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini, mtaalamu wa maabara anaweza kukutana na vimelea vya malale hata kama aliombwa kutafuta malaria. Tumepata kipimo chepesi na kizuri, lakini nadhani kimetufanya madaktari wavivu kidogo.

Nilimvua kijana shati. Nyuma ya bega palikuwa na kidonda kinachoanza kukauka. Nikaomba aniletee kamera. Kati ya simba na twiga kulikuwa na picha ya mdudu kwenye dashibodi, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa. Huyo ni mbung'o. Hadubini ikamaliza ubishi.

Zamani malale iliyofika kwenye ubongo ilitibiwa kwa sindano yenye arseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya fexinidazole kwa siku 10, kwa wenye umri wa miaka 6 na zaidi na uzito usiopungua kilo 20. Kijana alivimeza hospitali ya rufaa, pamoja na chakula kama inavyotakiwa.

Mzazi, mwanao akienda kwenye mafunzo ya namna hii, mfungashie mashati ya mikono mirefu ya kitambaa kizito, rangi ya kaki. Akipata homa baadaye, apimwe malaria siku hiyo hiyo, maana bado ndiyo inayotangulia kushukiwa. Majibu yakionyesha hana, mtajie daktari jina la hifadhi na tarehe aliyorudi, na umwombe damu iangaliwe kwa hadubini.

Kijana bado anakuja kliniki kufuatiliwa. Kamera anakuja nayo. Fulana ile mama yake ameifanya tambara la kudekia.