Wosia wa marehemu: nani anao, na nakala iombwe wapi?

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, na zaidi ninyi mulioacha Salamabila na vijiji vya kando yake, mukakimbia bila hata karatasi moja mkononi, leo tunazungumza juu ya neno linalogawa ukoo: "Marehemu aliacha wosia." Nani aliuona? Baba mdogo anasema aliuona. Mjane hakuuona. Lakini watoto wanaambiwa watoke katika nyumba.

Mama, usigombane. Omba kwanza uonyeshwe. Kode ya Familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakubali wosia wa namna tatu. Kuna ule uliofanywa mbele ya notere au ofisa wa eta-sivili. Huo uende kuuliza katika ofisi ileile, ukiwa na akte ya kifo na karatasi yenye kuonyesha kwamba wewe ni mke au mtoto. Kuna ule wa mkono: marehemu mwenyewe aliuandika wote, akatia tarehe na sahihi. Huo ndio unaotusumbua sana, kwa maana unalala ndani ya sanduku, au kwa rafiki, pengine kwa padri au imamu. Picha ya telefoni inasaidia, lakini tafuteni karatasi yenyewe, mwandiko uonekane. Wa tatu ni wa maneno, wa mtu aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi wawili wazima. Nakala haipo, tafuta mashahidi.

Aliyeshika karatasi akikataa kuitoa, shauri lifike kwa hakimu wa mahali marehemu alipokuwa na makao yake. Urithi unafunguliwa pale, si njiani alipofia.

Tena, wosia hauna nguvu ya kufanya yote. Robo tatu ya urithi ni ya watoto, hata wa nje ya ndoa ikiwa baba yao aliwatambua angali hai. Na mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja.

Ninyi machefu na wazee wa baraza, karatasi ikiletwa kwenu usiku na upande mmoja, musiikubali hivyo. Isomwe mchana, pande zote zikiwepo, kabla shamba halijagawanywa.

Na mzee akiwa angali hai, asidaiwe nakala. Wosia ni wake. Anaweza kuubadili hata kesho.