Vilima Vinapojificha: Ndege Ndogo katika Anga ya Kasulu na Kibondo

Wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hazina mlima wa kutisha, kwani ardhi hupanda kutoka Ziwa Tanganyika, lililo takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye vilima vya mita 1,700 hivi kuelekea mpaka wa Burundi. Hata hivyo, kilima cha kawaida kikishafunikwa na wingu huwa na hatari ileile ya Mlima Meru. Jambo hilo linazihusu hasa ndege ndogo, zikiwemo zile zinazowabeba wahudumu wa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta.

Meru yenyewe iligongwa na ndege ya watalii Septemba 1999, wakafa watu 12. Novemba 2017 watu 11 walikufa karibu na kreta ya Empakaai, Ngorongoro. Na Juni 2018 ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iliangukia milima ya Aberdare, wakafa 10. Wataalamu wana kundi mahususi la ajali kama hizi, ambamo ndege isiyo na hitilafu, ikiongozwa barabara na rubani wake, huenda kugonga ardhi ambayo hakuiona au aliitambua kwa kuchelewa.

Chanzo kikuu cha ajali hizo ni kuruka kwa kuona, yaani kuongoza ndege kwa kutazama ardhi na upeo wa macho, kisha kung'ang'ania utaratibu huo hali ya hewa inapoharibika. Kigoma ina vizuizi viwili vya macho: mawingu mazito ya msimu wa mvua, na wakati wa kiangazi moshi wa mioto ya misitu ya miombo, ambao hudharauliwa kwa sababu anga juu yake huwa nyeupe. Rubani anayejipenyeza bondeni chini ya wingu hujinyima pia nafasi ya kurudi, kwa maana ndege iendayo kilomita 220 kwa saa, ikilalia upande kwa nyuzi 30, huhitaji upana wa kilomita 1.3 hivi ili igeuke kurudi ilikotoka.

Hewa nayo huchangia. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa huwa nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani, na joto la mchana huzidisha wepesi huo, hivyo injini hupungua nguvu, mabawa hubeba kidogo, na ndege iliyojazwa mizigo hupanda polepole kuliko vilima vilivyo mbele yake.

Vipo vifaa vinavyolinganisha mahali ilipo ndege na ramani ya vilima, vikapiga kelele mapema. Lakini kwa anayeruka chini kila siku kelele hizo huwa kero, naye huzizima, kama wachunguzi walivyobaini katika ajali ya Juni 2015 karibu na Ketchikan, Alaska, iliyoua watu 9.