Pumu si kubanwa pumzi tu: Tuwape matarishi wa mwili majina

Neno ‘pumu’ liko jirani mno kimatamshi na ‘pumua’. Pengine ndiyo maana wengi wetu tunaichukulia pumu kuwa tatizo la pumzi tu. Mgonjwa akibanwa, anavuta inhela ya buluu. Dakika chache baadaye kifua kimefunguka. “Sasa niko sawa,” anasema, na ile inhela ya pili, ya kila siku, inabaki kabatini.

Hoja yangu wiki hii ni kwamba kosa hilo, kwa kiasi fulani, ni la lugha. Tumeyapa majina yale tunayoyasikia, yaani kubanwa na kukohoa. Kinachoendelea ndani hatujakipa jina, na kisicho na jina ni vigumu kukiogopa.

Ndani kuna mazungumzo. Utando wa njia za hewa ukiguswa na vumbi, chavua, moshi au virusi vya mafua, seli zake hupiga kamsa. Kamsa yenyewe ni molekuli: TSLP, interlukini-25 na interlukini-33. Hizi ni baadhi ya saitokini, protini ndogo zinazotolewa na seli moja ili kuipasha nyingine habari. Jina ‘interlukini’ lilipitishwa mwaka wa 1979 katika kongamano la wanasayansi mjini Ermatingen, Uswisi. ‘Inter’ ni Kilatini, ‘baina ya’; ‘leukos’ ni Kigiriki, ‘nyeupe’. Kwa hivyo ni ujumbe baina ya seli nyeupe za damu.

Seli za kinga zikiisikia kamsa, nazo hutuma matarishi wao. Interlukini-4 huchochea utengenezaji wa kingamwili aina ya IgE, na tangu hapo mwili hukaa chonjo ukingoja vumbi lilelile. Interlukini-5 huwaita eosinofili, seli nyeupe ambazo zikijazana huuharibu utando, na pia huzirefushia maisha. Interlukini-13 huongeza makohozi mazito na kuifanya misuli ya mirija iwe myepesi kubana.

Tatizo ni kwamba matarishi hawa hawafanyi kazi kila mmoja kivyake. La nne na la kumi na tatu hutumia kitasa kimoja kwenye seli, hivyo ukimzuia mmoja mwenzake bado anaingia. Utando uliojeruhiwa nao hupiga kamsa upya, na mzunguko unaanza tena. Kwa baadhi ya wagonjwa huongezeka interlukini-17, inayowavuta neutrofili, na pumu ya namna hiyo mara nyingi huwa sugu kwa steroidi.

Sasa turudi kabatini. Dawa ya buluu, salbutamol, hulegeza misuli. Hiyo tu. Mazungumzo yale haiyagusi. Anayeyapunguza makali ni steroidi ya kuvuta, ambayo matokeo yake hayaonekani kwa dakika bali kwa siku na majuma. Ndiyo sababu mwaka wa 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, ulishauri kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe kwa dawa ya kufungua mirija peke yake. Zipo pia sindano mpya: dupilumab hukiziba kile kitasa cha pamoja, na tezepelumab humkamata TSLP kabla kamsa haijaenea. Lakini bei yake ni ghali mno kwa wengi.

Tufanyeje basi sisi watu wa lugha? Kwa mwanafunzi wa baiolojia, ‘saitokini’ inatosha. Neno limekubali umbo la Kiswahili bila taabu. Kwa mama aliyempakata mtoto ambaye kifua kinalia filimbi usiku, napendekeza ‘molekuli tarishi’, kwa kuwa tarishi ni mpeleka habari. Tena tuache kuziita inhela kwa rangi, kwani rangi haisemi kazi. Tuseme ‘inhela ya kufungua’ na ‘inhela ya kutuliza uvimbe’. Mtu akijua kwamba anayo ya kufungua pekee, atajiuliza mwenyewe: je, uvimbe nimeutuliza kwa nini?

Na anayeihitaji ile ya kufungua mara kwa mara, asijisifu kuwa dawa inamfaa. Amwone daktari. Kamsa bado inalia.