Hofu ya kukata roho bila mtu kando na namna ya kuikabili

MWAKA 1986, muuguzi Sandra Clarke alikuwa zamu katika hospitali moja mjini Eugene, jimbo la Oregon nchini Marekani, alipoombwa na mgonjwa mzee aliyekuwa katika saa zake za mwisho akae naye.

Muuguzi huyo alimjibu kuwa angerejea mara baada ya kuwaona wagonjwa wengine. Aliporudi, saa moja na nusu baadaye, mzee huyo alikuwa amekwishakata roho.

Majuto ya tukio hilo ndiyo yaliyozaa, mwaka 2001, mpango wa hospitali hiyo wa kuwaweka watu wa kujitolea, kwa zamu, kando ya vitanda vya wanaofariki bila ndugu. Hospitali nyingine nyingi zimeuiga.

Mzee yule hakuomba kuponywa. Aliomba mtu.

Ni rahisi kudhani kuwa upweke wa namna hiyo ni wa nchi za mbali. Lakini miji yetu nayo ina wapangaji wa chumba kimoja ambao ndugu zao wako mikoani, wajane ambao watoto wamehama, na waliokosana na jamaa zao kiasi cha kuona haya kuwapigia simu. Wapo pia wagonjwa wanaoletwa kutoka mbali kutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, katika jiji wasilokuwa na mwenyeji.

Mwaka 1969, daktari wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, alichapisha kitabu kilichotaja hatua tano anazopitia mtu anayekabiliwa na kifo: kukana, hasira, kujaribu kuomba nafuu, huzuni na kukubali.

Wengi wamezichukulia hatua hizo kama ngazi ya kupandwa kidato kwa kidato. Sivyo ilivyo. Mgonjwa aweza kuamka ameridhia na ikifika jioni akawa anafoka. Aliye peke yake ana ugumu wa ziada, kwa kuwa hana hata wa kumkasirikia. Hasira yake humwangukia muuguzi, au humgeukia mwenyewe ikawa hatia.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Kwa hiyo hofu ya usiku haiwezi kutulizwa kwa maneno ilhali mifupa inauma.

Ndiyo maana tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, huanza na dawa. Nchini Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, mofini ya maji hunywewa nyumbani, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuiandika.

Maumivu yakitulia, hatua inayofuata ni kuiuliza hofu jina lake. "Naogopa kufa" ni kauli pana mno. Ndani yake mara nyingi mna hofu ndogo ndogo: kukosa pumzi usiku, kukutwa chumbani baada ya siku tatu, kuzikwa na manispaa bila sala, kuacha deni au mtoto asiye na mlezi.

Hofu hizo, zikitenganishwa, nyingi zina la kufanya. Ufunguo wa akiba waweza kukaa kwa jirani, na ahadi ikawekwa kwamba asipoonekana hadi saa mbili asubuhi mlango ugongwe. Wosia waweza kuandikwa mbele ya mashahidi. Imamu, padri au mjumbe wa mtaa aweza kuambiwa mapema mahali pa maziko. Daktari naye aulizwe waziwazi kupumua kutakuwaje.

Lipo pia jambo la kutosahauliwa. Harvey Chochinov, daktari wa magonjwa ya akili wa Kanada, alibuni mazungumzo ambamo mgonjwa husimulia aliyoyathamini maishani, yakarekodiwa na kuandikwa ili amwachie amtakaye, ndugu au rafiki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, kati ya wagonjwa 100, asilimia 91 waliridhika nayo.

Wanaokwenda kumwona mgonjwa wa namna hii wana kosa moja la kawaida, nalo ni kumwambia "utapona tu". Kauli hiyo humfungia mdomo, naye hubaki mpweke katikati ya wageni. Afadhali kuulizwa, "Usiku ulikuwaje?" na kuachiwa muda wa kujibu.

Huzuni, hata kilio, si ugonjwa. Lakini anayekataa chakula kwa kukata tamaa, anayejiona hana thamani kabisa, au anayezungumzia kujiua, anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Sonona hutibika hata kwa mtu aliyebakiza wiki chache za kuishi.