Mfupa Uvunjike Nyamongo, Bingwa Awe Muhimbili

Mifupa ya watu wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huvunjika kwa njia nyingi. Ipo bodaboda iliyopakia abiria wawili na gunia la mahindi, lipo shimo la mchimbaji mdogo kule Nyamongo, lipo panga kwenye ugomvi wa ng'ombe, na kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi yupo nyati. Njia ya kufuata tiba, hata hivyo, ni moja na ni ndefu: zahanati, kisha hospitali ya Tarime au ile ya Nyerere pale Mugumu, ikishindikana rufaa ya mkoa Kwangwa, Musoma, na ikishindikana tena Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Ndiyo maana ukuaji wa chama cha madaktari bingwa wa mifupa nchini, TOA, hauwahusu wakubwa wa Dar es Salaam peke yao. Wengi wakitaka kujua kama chama kimekua, huhesabu wanachama. Mimi naona kipimo ni huduma anayoipata mtu aliyevunjika paja Nyamongo kabla hajaonana na bingwa yeyote.

Tuwape kwanza mabingwa haki yao. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilianzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1996. Mwaka 1999 kikaundwa chuo cha madaktari wa upasuaji wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, COSECSA, chenye makao Arusha, ambacho humwezesha daktari kusomea upasuaji akiwa kazini hospitalini. Mwaka huohuo daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha SIGN, shirika linalozipatia hospitali za nchi maskini vyuma vya kuungia mifupa mirefu. Chuma chenyewe kimebuniwa kwa akili: hupitishwa ndani ya uwazi wa mfupa, na mkono wa chuma ulioshikizwa kwa nje humwonyesha daktari mahali pa kutoboa tundu la skrubu, hata kama chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Daktari akimaliza, hutuma picha na taarifa kwenye kumbukumbu ya pamoja ili wenzake waikague kazi yake. Baadaye mgonjwa huombwa achuchumae apigwe picha. Akichuchumaa vizuri, ni dalili kwamba mfupa unashika. MOI na Bugando wamekitumia chuma hiki. Mtu ambaye zamani angelazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, sasa anaweza kuondoka kwa magongo baada ya siku chache.

Mwaka 2020 madaktari wa MOI, akiwamo Dk. Billy Haonga, walichapisha pamoja na wenzao wa Marekani utafiti uliolinganisha chuma cha ndani na vyuma vya nje kwa watu ambao mfupa wa muundi ulivunjika na kutoboa ngozi. Kwa upande wa vifo na kurudiwa upasuaji katika mwaka wa kwanza, hawakuona tofauti ya kutosha kusema njia moja imeishinda nyingine. Somo ninalolipata mimi ni kwamba macho yetu yasigande kwenye aina ya chuma. Kidonda cha namna hiyo kinataka kuoshwa kwa maji mengi safi na kupewa dawa ya kuzuia maambukizi mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana, na dawa hiyo haihitaji bingwa. Inahitaji tabibu wa zahanati aliyefundishwa, na kabati lenye dawa.

Hapa msomaji mwenye mashaka atauliza: chama cha madaktari kinaingiaje kwenye kabati la zahanati? Hiyo si kazi ya serikali? Na vyama hivi si ni mikutano ya hotelini na posho tu? Shaka hiyo ina msingi, kwani kweli kipo chama kinachoishia kwenye kupiga picha za pamoja. Lakini serikali hununua dawa na kuajiri. Namna ya kufunga gango haiamuliwi kwa waraka wa utumishi. Lazima wenye fani wakubaliane, waandike, kisha waende kufundisha. Robert Jones, daktari wa Liverpool, alilionyesha hilo mwaka 1888 alipokabidhiwa afya ya maelfu ya vibarua waliochimba mfereji wa meli wa Manchester, wenye urefu wa takriban kilomita 58. Hakukaa mjini kuwangoja majeruhi. Aliweka hospitali tatu na vituo vya huduma ya kwanza kufuata mstari wa kazi. Mwaka 1918 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha madaktari wa mifupa cha Uingereza.

Huyo Jones alifundishwa na mume wa shangazi yake, Hugh Owen Thomas, daktari aliyezaliwa katika ukoo wa waunga mifupa wa kienyeji, na gango la Thomas linatumika mpaka leo. Nalisema hili kwa sababu huku Mara majeruhi wengi humwendea mganga wa mifupa kwanza: yuko karibu, na malipo hungoja mavuno. Wapo mabingwa wanaotaka waganga hawa wapigwe marufuku. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 inautambua uganga wa jadi, na marufuku ingewaficha tu. Bora wafundishwe mambo machache: mfupa uliotokeza nje usifungwe, mgonjwa apelekwe hospitali; na vidole vikipoa, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, fungua kamba mara moja, maana mguu unakufa.

Pingamizi zito kuliko yote ni usafiri. Paja lililovunjika linaweza kumwaga lita nzima ya damu ndani kwa ndani bila tone kuonekana, na mafunzo hayatasaidia kama hakuna gari. Lakini mfano tunao hapahapa. Mpango wa m-mama humwezesha mjamzito mwenye dharura kuitiwa gari kwa namba 115, na pasipo gari la wagonjwa dereva wa kawaida hulipwa kumfikisha hospitali. Aliyevunjika mguu hamo kwenye mpango huo. Chama chenye sauti ndicho kinachopaswa kuidai Wizara ya Afya imwingize. Na mkutano mkuu ujao TOA waufanyie Musoma, wawaalike matabibu wa Nyamongo na Mugumu, na wasiwatoze kiingilio.