Mwanachuo arudipo kijijini kwao

Kabla ya mwaka 1998 hapakuwa na chuo kikuu katika visiwa vya Unguja na Pemba. Kijana aliyefaulu alifunga sanduku lake akavuka bahari kwenda Dar es Salaam, Makerere au mbali zaidi, na wazazi wake walimwona wakati wa likizo tu, kama alijaaliwa kupata nauli. Leo hali imebadilika. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianza huko Tunguu mwaka huo wa 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikapokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 2001. Mwanachuo wa siku hizi aweza kusikiliza mhadhara asubuhi, na jioni akawa yuko kijijini kwao pamoja na wenzake aliosoma nao darasa la kwanza, ambao mmoja anavua pweza, mwingine anaendesha bodaboda na wa tatu analima mwani na mama yake.

Ukaribu huu ni neema ambayo, kwa maoni yetu, bado haijatumiwa ipasavyo.

Kazi ya kujitolea si ngeni kwetu. Nyumba za Michenzani zilipokuwa zikijengwa, watu walikuja kutoka mashamba na mitaa kubeba mawe na kukoroga zege. Wazee wakiulizwa leo watasema kwamba wako waliokwenda kwa moyo mkunjufu, na wako waliokwenda kwa sababu kutokwenda kulikuwa na maswali yake. Mwaka 1974 Azimio la Musoma nalo likaagiza kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Yote hayo yalipangwa juu na kuteremshwa chini. Tunalolizungumzia hapa ni jambo dogo zaidi, na pengine gumu zaidi: marafiki watano au kumi, baadhi yao wanachuo na baadhi yao si wanachuo, wanaoamua wenyewe kufanya jambo katika shehia yao bila ya kuamrishwa na mtu.

Tuchukue mfano wa mikoko, kwani hiyo ndiyo kazi inayopendwa sana na vikundi vya vijana katika vijiji vya pwani, kuanzia ghuba ya Chwaka hadi Kisiwa Panza. Mkoko ni ukuta wa pwani na ni malezi ya samaki, kamba na kaa. Lakini mkoko ni kuni vilevile, ni boriti, na ndio unaochomea chokaa. Kwa hiyo hukatwa. Vijana wanapouona ufuko umebaki mtupu hupata uchungu, wakakusanya mbegu, wakaalika wageni na kuzichomeka kwenye tope mistari kwa mistari. Picha hupigwa, hotuba husomwa, kisha watu hurudi makwao.

Mwandishi wa safu hii alihudhuria sherehe moja ya namna hiyo, iliyoandaliwa na ofisi ambayo hapana haja ya kuitaja. Aliporudi mahali pale baada ya miezi minane aliikuta mistari ile imekuwa vijiti vikavu, na sehemu nyingine hata vijiti havikuwapo. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza dema alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, pale wangetuuliza tungewaambia. Pale ni pa milalana, si pa mikoko. Na hata mlilana hauotei pale kila mwaka."

Mzee yule hakusoma chuo, lakini alikuwa akieleza jambo ambalo wataalamu wa misitu ya pwani wanalifundisha. Miti hii haioti ovyo. Mlilana, ambao mafundi wa vyombo huupenda kwa mataruma, hustahimili kukaa mbele unakopigwa na maji. Mkoko hufuata nyuma yake, na mkandaa hukaa juu zaidi, kule yanakofika maji ya bamvua. Mbegu ya mkoko ikichomekwa nje ya mipaka yake hufunikwa na maji muda mrefu kupita kiasi, au mawimbi huing'oa kabla haijashika mizizi. Tena, mahali ambapo miti mizazi ingalipo na maji yanapita vyema, msitu huota wenyewe bila ya kupandwa, ilimradi uachwe usikatwe. Kazi yenye manufaa huenda ikawa kuzibua mkondo uliozibwa, au kupanda mivinje nyuma ya kijiji ili watu wapate kuni nyingine. Hiyo ni kazi isiyo na picha nzuri.

Na hapa ndipo umuhimu wa marafiki unapoonekana. Anayekata mikoko usiku si adui aliyetoka ng'ambo. Mara nyingi ni yule yule aliyekaa dawati moja na mwanachuo wetu hadi kidato cha pili, akashindwa mtihani au akakosa wa kumsomesha, na sasa anauza mzigo wa kuni ili ndugu zake wale. Mwanachuo akija na wenzake wa chuoni pekee, wamevaa fulana za rangi moja, rafiki huyu atasimama pembeni na kutazama, na kesho yake atarudi na panga lake. Akiitwa tangu siku ya kwanza, akaulizwa wapi kumebaki nini, na yeye akaeleza shida yake bila ya kukemewa, mazungumzo yatakuwa mengine. Huenda yakawa na ugomvi ndani yake. Heri ugomvi huo ufanyike kabla ya kupanda.

Lipo jambo jingine la adabu. Baadhi ya wasomi wetu wakirudi kijijini hujikuta wakisema "wanajamii hawa" juu ya shangazi zao wenyewe. Maneno hayo ni ya ripoti. Mama anayekwenda kuokota kombe huusikia upesi umbali uliomo ndani yake, ijapokuwa hatasema kitu.

Masomo ya jioni kwa watoto wa skuli wanaojitayarisha kwa mitihani yana habari kama hiyo hiyo. Wanachuo hufundisha vizuri, na watoto huwapenda. Tatizo ni kwamba mitihani ya chuo ikikaribia walimu hawa hutoweka, na darasa hufungwa wakati ambapo watoto wanalihitaji mno. Wale waliobaki kijijini, hata kama elimu yao iliishia kidato cha nne, wanaweza kabisa kusimamia hesabu za darasa la sita, wakisaidiwa kuandaa masomo mapema. Darasa halina lazima ya kumtegemea mwanachuo peke yake.

Kwa wakubwa wanaohusika tuna maombi machache. Kikundi cha namna hii kisisubiri barua tatu na mihuri minne ili kiruhusiwe kuzibua mfereji. Sheha na kamati yake wanatosha kuamua. Pasiwe na posho ya siku ya sherehe, kwani posho ikija mara moja, mara ya pili watu huiulizia kabla ya kushika jembe. Panapotakiwa msaada, uwe majembe, mapakacha, mabuti na miche ya mivinje, tena iletwe kabla ya mvua za masika. Na afisa wa misitu aombwe kufika kijijini siku ya maji kupwa, hata ikiwa ni Jumapili, atembee topeni na wavuvi na vijana, aonyeshwe bamvua linafika wapi. Gari likikosekana, bodaboda wa kumchukua yumo ndani ya kikundi.