Men Only: gazeti lililozaa majumba

Leo tuongee kidogo juu ya Men Only, gazeti la Uingereza. Wengi wakisikia jina hilo wanafikiria picha za wanawake uchi tu. Lakini lilipoanza, mwaka 1935, lilikuwa kijitabu cha kuingia mfukoni: hadithi, vichekesho na michoro ya kuchekesha wanaume.

Mambo yaligeuka 1971. Paul Raymond, mzaliwa wa Liverpool, alilinunua. Huyu tangu 1958 alikuwa na ukumbi Soho, katikati ya London, wanawake wakivua nguo jukwaani. Jina la gazeti aliliacha vile vile, ndani akageuza yote: picha za uchi njo zikawa biashara yenyewe. Mwaka 1990 akanunua hata Mayfair, mshindani wake aliyeanza 1966.

Sasa sikieni vizuri. Faida hakuirudisha yote kwenye karatasi. Alinunua majengo ya Soho, moja baada ya lingine, wakati mtaa ule ulikuwa na sifa mbaya na bei iko chini. Kisha intaneti ikaleta picha za bure, magazeti ya namna hii yakaanguka. Majengo, yeye, yakapanda bei. Raymond alipokufa 2008, alikuwa kati ya matajiri wakubwa wa Uingereza, na mali ikabaki kwa jamaa yake.

Gazeti liliuzwa juu ya miili ya wanawake. Basi kabla ya kumsifu tajiri, tuulize: nani alitoa mwili, na nani alibaki na hati ya nyumba?